Mechi inaanza saa tano usiku na leseni yako inaisha saa tano: wenye baa na mabanda ya kuonyesha mpira Malindi, someni hii

Kila msimu ni ugomvi ule ule. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, Ulaya wakisharudisha saa zao nyuma, mechi kubwa za UEFA za Jumanne na Jumatano zinaanza saa tano kamili usiku kwa saa zetu za hapa Malindi, na saa tano kamili ndo wakati ambao baa ya kawaida inatakiwa iwe imeshafunga kwa sheria ya vileo ya 2010, ile watu mpaka leo wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta. Yani refa akipuliza filimbi ya kuanza wewe ulitakiwa uwe ushafunga mlango.

Kazi yangu ni afya ya umma, kukagua sehemu za biashara na kukaa na wenzangu kuangalia maombi ya leseni, na naandika hii kwa sababu wengi wanaopatikana na makosa usiku wa mechi si watu wakorofi, ni watu walioamini kwamba siku ya mechi ina sheria yake peke yake. Mwenye baa anakwambia "sasa afisa, nimtoe mteja dakika ya themanini na timu yake iko chini moja bila?" na namuelewa kabisa, lakini hilo swali lilitakiwa kuulizwa wiki tatu nyuma, ratiba ilipotoka.

Tuanze na saa. Baa ya kawaida, Jumatatu hadi Ijumaa ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, Jumamosi na Jumapili na sikukuu ni saa nane mchana mpaka hiyo hiyo saa tano. Tangu ugatuzi wa 2013 kutoa leseni za vileo na za burudani ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo sisi huku tunashughulika na Kaunti ya Kilifi, na kaunti ina aina za leseni zaidi ya moja na kila aina ina masharti yake. Usijilinganishe na hoteli ya kitalii iliyoko ufuoni, yule ana leseni ya hoteli, wewe una ya baa. Chukua ile karatasi yako uliyoitundika ukutani (na iwe imetundikwa mahali mtu anaiona, si nyuma ya friji) usome saa zilizoandikwa pale. Hizo ndo saa zako, iwe ni derby iwe ni fainali.

Ligi ya Uingereza wikendi haina shida sana ya saa, mechi nyingi zinaisha mapema usiku. Shida ni UEFA, na kubwa zaidi ni Kombe la Dunia la 2026 kwa sababu limepelekwa Marekani, Kanada na Mexico, kuanzia tarehe 11 Juni hadi 19 Julai, na kule mchana wao ni usiku wetu. Fainali imepangwa saa tisa alasiri kwa saa za New York, hiyo ni saa nne usiku kwetu, na ikienda mpaka penalti hata saa sita ya usiku imepita. Kuna za makundi zinazoanza saa saba usiku na nyingine saa kumi alfajiri. Sasa mtu amekodi skrini kubwa, ameongeza viti, ameagiza kreti za bia za kutosha, na hajamuuliza mtu yeyote kama anaruhusiwa kuuza hiyo bia saa saba usiku.

Cha kufanya ni kuandika barua ofisi ya leseni ya kaunti mapema, utaje tarehe za mechi unazotaka, saa unayotaka kufunga, watu wangapi nafasi yako inabeba, nani atakaa mlangoni. Usije Jumatatu kwa mechi ya Jumanne. Ombi halipitiwi na mtu mmoja, usalama wanaulizwa, afya tunaulizwa, na majirani wana haki ya kusema. Ukikataliwa basi umekataliwa, na kuzima taa za kaunta halafu unaendelea kutoa chupa kwa dirisha la jikoni si kufunga, naomba hilo lieleweke vizuri kabisa.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma kuliko yote, watoto.

Ukipita Barani, Maweni au Kisumu Ndogo Jumamosi jioni utaona wenyewe, banda limejaa, kiingilio ni pesa kidogo, mabenchi ya mbao, na pale mbele kabisa wamekaa vijana wa gredi ya saba na ya nane wamevaa jezi za Arsenal na Man U, na nyuma yao watu wazima wana bia mikononi au mnazi (ile pombe inayogemwa kwenye minazi) kwenye jagi, na mtu akimaliza anamwambia yule mtoto aliye karibu "we kijana nenda kaniletee nyingine pale". Mtoto anaenda anarudi nayo ameishika kwa mikono miwili isimwagike huku macho yako kwenye skrini asikose goli. Hakuna mtu anaona kosa hapo kwa sababu kila mtu ni mtu wa mtaa na mtoto ni wa fulani. Lakini sheria haikatazi tu kumuuzia, inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 hata kuingia pale pombe inapowekwa na kunywewa. Haisemi isipokuwa akija na babake. Haisemi isipokuwa amekuja kuangalia mpira na ananunua soda. Na anayejibu mahakamani ni mwenye leseni.

Hapa niweke sawa jambo moja linalochanganya watu. Mwaka 2025 serikali ilitoa sera mpya ya kitaifa inayopendekeza umri upandishwe ufike 21, na mtandaoni watu walipigana wakidhani imeshapita. Sera inapendekeza, sheria ndo inafunga mtu, na umri ulioko kwenye sheria ya 2010 ni 18 mpaka Bunge libadilishe. Kwa hivyo mlangoni uliza kitambulisho, na kama uso unakutia shaka na kitambulisho hana, arudi. Na baa yenyewe isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni, hata chekechea inahesabiwa, hilo tunalipima.

Mimi maoni yangu, na nimeyasema kwenye vikao zaidi ya mara moja, ni kwamba banda la mpira na baa zitenganishwe kabisa. Si pazia katikati, ni kutenganisha hasa. Mwenye nafasi afanye banda kavu, hakuna pombe hata chupa moja, auze viazi karai, mihogo, bajia, juisi ya ukwaju, soda baridi, na aone kama hatapata pesa. Watoto wanakula kuliko walevi, mama anamruhusu mwanawe aende bila wasiwasi, hata wale wazee wanaotoka kuswali isha na hawawezi kukaa baa wataingia. Banda kavu bado linahitaji leseni ya biashara ya kaunti na ruhusa ya burudani, na dikoda ya kulipia ya nyumbani hairuhusiwi kuonyesha umma kwa kiingilio, kuna kifurushi cha biashara, ulizia. Ukipiga muziki kabla ya mechi na wakati wa mapumziko kuna leseni ya hakimiliki ya wanamuziki pia. Lakini balaa la pombe umelikwepa.

Kuhusu mangwe, yani vilabu vya mnazi, nitasema kwa ufupi manake watu wanadhani mnazi hauhesabiwi. Mnazi ni kileo. Ule wa asubuhi ni mtamu na mwepesi lakini unaendelea kuchacha ndani ya jagi, ikifika jioni ya mechi ni kitu kingine, na mtu anaendelea kunywa kwa kipimo cha asubuhi. Anayeuza mnazi na ameweka tivi anahitaji leseni sawa na mwenye baa.

Halafu moto. Hili naomba wenye mabanda ya makuti mnisikilize kwa makini. Banda nyingi nilizokagua zina mlango mmoja, na hapo hapo mlangoni ndo jenereta limewekwa, na kidumu cha petroli pembeni, waya zimepita juu kwenye makuti makavu, na ndani kuna watu wanavuta sigara. Tarehe 11 Mei 1985 kule Bradford, Uingereza, jukwaa la mbao lilishika moto watu wakiwa wanaangalia mechi, uchafu uliokuwa umejaa chini ya viti ndo uliowaka, na watu waliokimbilia nyuma wakakuta milango imefungwa. Walikufa watu 56. Makuti yanawaka haraka kuliko mbao na kila mtu wa pwani anajua hilo. Toboa mlango wa pili, na siku ya mechi usiufunge kwa kufuli ati watu wataingia bure, weka mtu akae pale. Jenereta litoke nje mbali na mlango, na petroli isikae na watu. Ukiona mabenchi yamejaa acha kukata tiketi, hata kama nje wanakulilia.

Mwaka huo huo wa 1985 Waingereza walitunga sheria ya pombe viwanjani, na mpaka leo shabiki wa ligi ile tunayoipenda haruhusiwi kunywa pombe akiwa amekaa sehemu anayouona uwanja wakati mechi inaendelea. Nawaambia wale wanaosema mpira bila bia haunogi.

Kelele nayo ni sheria. Kanuni za kelele za 2009 zinasema mtaa wa makazi wenye biashara na burudani ndani yake mwisho ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku wao unaanza saa mbili, si saa sita. Thelathini na tano ni kidogo sana, ni kama watu wananong'ona chumbani. Watu wakifungwa goli watapiga kelele, hilo hatuwezi kulizuia na hatuji kwa ajili ya hilo. Tunakuja kwa ajili ya spika uliyoielekeza barabarani na jirani ana mgonjwa au watu wako kwenye taraweh. Geuza spika iangalie ndani, punguza, basi.

Na mtu akishalewa una haki ya kumkataa mlangoni na kumtoa, sheria imekupa nguvu hiyo, itumie kabla hajaanza kurusha chupa. Angalia pia anaondoka na nani. Wale madereva wa boda waliopaki nje mara nyingi na wao walikuwa ndani wanaangalia mechi na wanakunywa, halafu ndo hao wanaobeba watu wawili wawili usiku. Kiwango cha kisheria kwa dereva ni mikrogramu 35 za kilevi kwa kila mililita 100 za pumzi, na bia chache tu zinakupitisha. Kubaliana na boda wawili watatu ambao hawanywi siku hiyo, wape soda na viti vya mbele, wawe ndo wa kurudisha wateja wako.

AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania, mechi zitachezwa kwa saa zetu wenyewe, kwa hivyo saa tano haitatusumbua sana, kitakachosumbua ni watu kuwa wengi kuliko mabanda. Wengi watataka kuweka tenti na skrini kwenye uwanja wa wazi na kuuza vinywaji hapo. Leseni ya baa yako imeandikiwa jengo fulani na ploti fulani, huwezi kuibeba ukaenda nayo uwanjani. Hiyo ni idhini nyingine ya muda, na utakapokuja kuiomba kuja na mchoro wa tenti unaoonyesha milango, idadi ya vyoo, barua ya mwenye kiwanja, na jina la mtu atakayesimamia usalama siku hiyo.