Mtoto yuko tayari kubaki nyumbani peke yake lini?

Wazazi wa hapa Malindi, hasa wanaofanya kazi za zamu hotelini au wanaoamkia sokoni, huniuliza kwanza kuhusu umri: je, mtoto wa miaka 9 anaweza kuachwa nyumbani peke yake, au asubiri afike 12? Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na humpa mzazi wajibu wa kumlinda, lakini haikuweka umri maalumu wa kubaki peke yake. Kwa hiyo uamuzi ni wa mzazi, nami kama mshauri nasaha wa watoto humwomba amtazame mtoto mwenyewe: hufanya nini linapotokea jambo asilolitarajia? Umeme ukikatika, hutafuta tochi au huwasha mshumaa na kuuweka karibu na pazia? Akijikata kidole, hutafuta msaada au huficha kwa kuogopa kugombezwa? Mtoto anayeficha bado hajawa tayari, hata akiwa na miaka 13.

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto mtiifu ndiye wa kuachwa, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Watoto wetu wamelelewa kuitikia hodi kwa karibu, kumwamkia mkubwa na kutombishia. Ni adabu njema na sipendi ipungue, lakini ndiyo hiyo inayoweza kumfungulia mlango mtu asiyestahili kuingia, na anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu anayemfahamu. Basi mtoto aambiwe waziwazi, na mzazi mwenyewe, kwamba ana ruhusa ya kutomfungulia yeyote, awe ami, jirani au mwalimu wake, isipokuwa wale wawili au watatu mliokubaliana kwa majina.

Kuambiwa tu hakutoshi. Lazima afanye mazoezi. Mzazi asimame nje, apige hodi na kusema kwa sauti ya haraka, "Mwanangu, nifungulie, mama yako amenituma nichukue simu yake." Mtoto ajibu akiwa ndani, komeo likiwa limefungwa: "Shikamoo. Mama hawezi kuja mlangoni sasa hivi, tafadhali rudi baadaye." Maneno hayo si ya uongo, jambo ambalo najua linawasumbua wazazi wengi, wala hayamvunjii mtu heshima. Kisha mzazi arudie kwa ukali zaidi, kwa kuwa wengi hujibu vizuri mara ya kwanza na hulegea wanapokaripiwa.

Kuhusu jiko, nasema asipike. Mwachie chakula kilichokwisha iva, funga mtungi wa gesi, na usiache makaa yakiwaka ndani, kwa sababu katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Mafuta ya taa yasikae katika chupa ya soda. Aliyeyanywa asitapishwe, bali akimbizwe hospitalini.

Kumwachia mdogo wake ni swali jingine kabisa, na jibu langu kwa kawaida ni hapana. Mtoto wa miaka 11 anayejimudu hana uwezo wa kumchunga wa miaka 2, ambaye anaweza kuzama katika ndoo ya maji muda mfupi tu dada yake akiwa chumba cha pili.

Jirani naye aombwe rasmi, asidhaniwe tu kwamba atasikia. Mtoto azijue kwa moyo namba za mzazi na za jirani huyo, pamoja na 116, simu ya msaada wa watoto nchini Kenya, ambayo haitozi malipo.

Ukiridhika na hayo, anza kwa nusu saa ya mchana, ukiwa duka la karibu, na urudi saa ile ile uliyoahidi. Ukirudi, muulize alivyokaa na umsikilize bila kumkatiza. Akikuambia aliogopa, msifu kwa kukuambia, na safari ijayo usiongeze hata dakika moja.