Zambarau ya kitenge na urujuani wa upinde wa mvua: maswali na majibu kuhusu macho

Rangi inaonwa na jicho au na ubongo?

Vyote viwili. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Humo mna seli za fimbo, za kuonea gizani, ambazo hazitambui rangi, na seli za koni, takribani milioni 6 kwa kila jicho. Koni ziko za aina 3: za mawimbi mafupi ya mwanga, ya kati na marefu. Koni moja peke yake haijui rangi. Ubongo hulinganisha aina ipi imeamka zaidi, ndipo unapata njano au kijani.

Je, zambarau na urujuani ni kitu kimoja?

Kwa macho zinafanana, ila asili zake ni tofauti. Urujuani ni mwanga wa mawimbi mafupi kuliko yote tunayoyaona, takribani nanomita 380 hadi 450 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kitenge cha zambarau pale soko la Majengo, Dodoma, kinafanya jambo jingine: kinameza mwanga wa kijani, kinarudisha mwekundu na wa buluu kwa pamoja. Koni za mawimbi mafupi na marefu zinaamka, za kati zinatulia. Hakuna wimbi moja la mwanga linaloleta hali hiyo. Rangi hiyo ubongo unaiunga wenyewe, na kwangu hili ndilo la ajabu kuliko yote.

Simu nayo ina taa nyekundu, kijani na buluu tu, hivyo picha ya upinde wa mvua haina urujuani halisi. Ukiutaka wenyewe, subiri mvua za Desemba, lipe jua mgongo, utazame ukingo wa ndani wa upinde.

Jaribu pia na zabibu nyeusi ya Hombolo. Ifute ule unga mweupe, uitazame juani: utaona uzambarau wake. Usiku, kwenye kibatari, inakuwa karibu nyeusi, kwa sababu moto ule una mwanga mdogo sana wa buluu.

Mama yangu yuko Kongwa, ana miaka 70. Siku hizi anachanganya buluu na nyeusi. Ni uzee tu?

Uzee unachangia: lenzi ya jicho hugeuka manjano na kuzuia kwanza mwanga wa urujuani na buluu. Lakini ikiingia ukungu, huo ni mtoto wa jicho, na tiba yake ni upasuaji wa kuweka lenzi ya bandia. Matone hayauondoi, na dawa za kienyeji zinaweza kuliharibu jicho kabisa. Tafadhali mpeleke kliniki ya macho mapema. Wengi baada ya upasuaji hushangaa buluu ilivyo kali.

Mwanangu wa kiume anachanganya nyekundu na kijani.

Mara nyingi ni ya kurithi, kupitia kromosomu X (kifurushi kimoja cha vinasaba) ya mama, ndiyo maana huwapata zaidi wavulana. Haina tiba, wala si upofu. Mwambie mwalimu wake, asije akaadhibiwa kwa kukosea rangi.

Natumia dawa za kifua kikuu, na nyekundu naiona imefifia.

Nenda kliniki leo hii. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, na kufifia kwa rangi huwa dalili ya mapema. Usijiamulie kuacha dozi nzima. Daktari ndiye atakayeamua dawa ipi iondolewe. Ukiwahi, macho mara nyingi hurudi katika hali yake.