Huduma halali ya kutoa mimba: nani analipa, na unalipia nini

Mwaka 2007 Lakshmi Dhikta, mwanamke maskini wa wilaya ya Dadeldhura huko magharibi ya mbali nchini Nepal, alishika mimba ya sita. Sheria ya nchi yake ilikuwa imeruhusu kutoa mimba tangu mwaka 2002. Yeye na mumewe wakaenda hospitali ya serikali, wakaambiwa walipe rupia 1,130. Hawakuwa nazo, wakarudi nyumbani, na mimba ikaendelea hadi kuzaa. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2009 majaji wakaamua kwamba haki ya kutoa mimba haina maana kwa mwanamke asiyeweza kuilipia. Wakaiagiza serikali itenge fedha ili umaskini usimnyime mtu huduma. Leo vituo vya umma vya Nepal hutoa huduma hiyo bila malipo.

Sisi tunaoshughulika na ugharamiaji wa afya ya uzazi hulirudia shauri hili mara kwa mara, kwa sababu linagusa jambo ambalo watu wengi hawalioni. Sheria ikishapita, wananchi huamini kazi imekwisha. Mwanamke aliyesimama mbele ya dirisha la malipo anajua kuwa haijaisha. Makala haya yanamhusu yeye, na pia mume, dada, rafiki au mzazi anayemsaidia kutafuta fedha.

Jambo la kwanza ni kujua sheria ya mahali ulipo inasemaje. Kuna nchi zinazoruhusu mwanamke aamue mwenyewe hadi wiki fulani: Afrika Kusini hadi wiki 12, kwa sheria ya mwaka 1996, na Ufaransa hadi wiki 14 tangu mimba kutungwa, kwa sheria ya mwaka 2022. Kuna zinazoruhusu pale tu uhai au afya ya mama iko hatarini, au mimba inapotokana na ubakaji au na ndugu wa damu. Uliza mambo matatu: sababu yako inakubalika? Mwisho ni wiki ya ngapi? Na nani anatakiwa kuidhinisha? Swali hili la tatu lina bei yake. Zambia imeruhusu kutoa mimba tangu mwaka 1972, lakini sheria ile ilitaka saini za madaktari watatu. Kwa anayeishi mbali na mji, kila saini ni nauli nyingine na siku nyingine bila kibarua. Ethiopia ilichagua njia tofauti: chini ya sheria yake ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 2005, aliyebakwa hatakiwi kuleta ushahidi wa polisi wala wa mahakama, neno lake linatosha. Kutafuta karatasi ambayo sheria haikuitaka ni hasara tunayoisikia mara nyingi, na inauma kwa sababu ingeepukwa kwa swali moja tu.

Siku zinavyopandisha bei

Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema hili: kinachopandisha gharama kuliko vyote ni kuchelewa.

Wahudumu huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku ya tendo au siku ya kupima. Kwa hiyo mwanamke mwenye mzunguko wa wiki nne anayegundua kwamba hedhi imechelewa wiki moja, tayari anahesabiwa kuwa na mimba ya wiki tano. Anayesubiri mwezi mwingine “kuhakikisha” ana wiki tisa. Wasichana wadogo, na wanawake ambao hedhi zao hazina mpangilio, hupoteza wiki nyingi hapa bila kujua. Andika tarehe ile mahali, na ukiwa na shaka, pima mapema. Kipimo cha mkojo ni sehemu ya bei nafuu kabisa katika safari yote hii.

Hadi wiki 12, dawa mbili hutumika na hufanya kazi vizuri: mifepristoni, kisha misoprostoli siku moja au mbili baadaye. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu mwaka 2005. Mwaka 2019 zilihamishiwa kwenye orodha ya msingi, na sharti la usimamizi wa karibu wa daktari likaondolewa. Njia nyingine ya mapema, hadi wiki 14, ni ya kufyonza, ambayo huchukua dakika chache kwa ganzi ya sehemu tu na mwanamke hurudi nyumbani siku ileile. Mimba ikivuka hapo, mambo hubadilika. Mlango wa kizazi unahitaji maandalizi zaidi, mhudumu anatakiwa kuwa na ujuzi ambao si wengi wanao, pengine kitanda cha kulazwa kinahitajika, na vituo vinavyotoa huduma hiyo ni vichache na viko mbali. Hatari nayo hupanda kadiri wiki zinavyosonga, ingawa mikononi mwa mtaalamu hubaki ndogo.

Sasa tazama yanayompata asiye na fedha. Ameambiwa bei akiwa na wiki nane. Anaomba mkopo, anauza kitu, anasubiri mshahara. Anaporudi na kiasi kilekile alichotajiwa, ana wiki 13, na bei ile haimhusu tena. Anaanza upya kuchanga. Ni sawa na kukimbiza kivuli chako. Ndiyo maana tunasisitiza: usisubiri hadi fedha zote zitimie ndipo uende kituoni. Nenda kwanza, pimwa, jua wiki zako, uliza kuhusu msamaha au kulipa kidogo kidogo, kisha tafuta fedha ukiwa na hesabu kamili mkononi.

Kilichomo ndani ya bili

Bili halali hujumuisha ushauri, vipimo vya lazima, dawa au upasuaji mdogo, dawa za maumivu, na kwa kawaida njia ya uzazi wa mpango baada ya hapo. Uliza kama bei uliyotajiwa ni ya vyote hivyo au ni ya dawa peke yake. Uliza pia ukipata shida baadaye na kurudi, utalipa tena?

Kuna vitu ambavyo wanawake wengi hulipishwa bila sababu ya kitabibu. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unaeleza wazi. Altrasaundi haipaswi kuwa sharti la kupata huduma kwa kila mtu. Ina nafasi yake pale tarehe hazieleweki au kuna dalili za mimba kutunga nje ya kizazi, lakini kwa wengi, tarehe ya hedhi na uchunguzi wa kawaida vinatosha. Sindano ya kinga kwa wenye damu ya kundi hasi haihitajiki kabla ya wiki 12. Antibiotiki za kukinga maambukizi ni muhimu kwa njia ya kufyonza au upasuaji, lakini hazitakiwi kwa kila anayetumia dawa. Ziara ya marudio nayo si ya lazima kwa aliyepona bila tatizo na anayejua dalili za hatari. Kukwangua kizazi kwa chuma ni njia iliyopitwa na wakati. Mahali panapoitumia bado, mwanamke mara nyingi hulipia nusukaputi na maumivu ambayo njia ya kufyonza ingemwepusha nayo.

Sisemi mgonjwa abishane na mhudumu. Nasema ana haki ya kuuliza, kwa heshima, “Kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu?” Mhudumu mwema hatakasirika.

Nani analipa

Katika baadhi ya nchi jibu ni serikali. Ufaransa iliruhusu kutoa mimba mwaka 1975, bima ya taifa ikaanza kurudisha sehemu ya gharama kwa sheria ya mwishoni mwa 1982, na tangu 2013 inalipa gharama yote ya huduma yenyewe. Miaka zaidi ya thelathini kati ya ruhusa na malipo kamili. Ujerumani ina utaratibu wa kati: anayetoa mimba baada ya ushauri wa lazima hujilipia kwa kawaida, lakini mwenye kipato kidogo akiomba mapema kwa mfuko wake wa bima, gharama hubebwa na serikali ya jimbo. Neno la kushika hapo ni mapema. Maombi hutangulia matibabu, na anayetibiwa kwanza anaweza kukosa.

Marekani ndiyo mfano mzito zaidi wa ruhusa bila malipo. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha masharti yanayojulikana kwa jina la mbunge Henry Hyde, yanayozuia fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba kwa maskini walio kwenye bima ya Medicaid, isipokuwa katika hali chache sana. Oktoba 1977 Rosie Jiménez, mwanafunzi wa Texas aliyekuwa akimlea binti yake peke yake, alikufa baada ya kutafuta huduma ya bei nafuu isiyo salama. Kutoa mimba kulikuwa halali Texas wakati huo. Baadaye majimbo kadhaa yaliamua kulipa kwa fedha zao wenyewe, na kwingineko mifuko ya kujitolea ikaanza kuchangia wanawake ada na nauli. Tangu Juni 2022, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoondoa kinga ya kikatiba ya haki ya kutoa mimba, wengi hulazimika kusafiri jimbo hadi jimbo, na nauli na malazi huweza kuzidi bei ya matibabu.

Kwa mwenye bima binafsi au ya kazini, soma mkataba kabla ya kuhitaji. Baadhi hutaja huduma hii waziwazi, baadhi huificha chini ya “huduma za uzazi”, na baadhi huitoa kabisa isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Uliza kama unatakiwa kupata kibali cha awali. Na uliza jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa: taarifa ya matibabu inatumwa kwa nani? Kama mwanachama mkuu ni mume au baba, huenda yeye ndiye atakayepokea orodha ya ulicholipiwa. Kwa mwanamke anayeishi na mtu mkali, hilo ni suala la usalama. Mweleze mhudumu au ofisa wa bima waziwazi ili akwambie kama taarifa inaweza kuelekezwa kwako.

Halafu kuna gharama zisizo na risiti: nauli, mtu wa kubaki na watoto, siku ya kazi iliyopotea, chakula cha anayekusindikiza. Ziandike pamoja na ada. Mahali sheria inaporuhusu huduma kwa simu, sehemu kubwa ya gharama hizi huondoka. England na Wales ziliruhusu kutumia dawa zote mbili nyumbani baada ya ushauri wa simu wakati wa janga la korona, kwa mimba isiyofika wiki 10, na mwaka 2022 utaratibu huo ukafanywa wa kudumu.

Gharama nyingine isiyo na risiti ni kitu kidogo. Ukiombwa fedha nje ya dirisha la malipo, omba risiti. Wakuu wa vituo nao wabandike bei ukutani na kuruhusu wakunga waliofunzwa kutoa huduma pale sheria inapokubali, maana kumsubiri daktari mmoja wa wilaya nzima ni kuwaongezea wanawake wiki na bei. Afrika Kusini iliwaruhusu wakunga tangu mwanzo wa sheria yake, na vifo vya utoaji mimba vilipungua kwa takriban asilimia 90 ndani ya miaka michache.

Pale njia halali inapokuwa ghali au yenye fedheha, vishoka huja na bei ya chini. WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya utoaji mimba duniani si salama. Dawa zisizo na kasha, zisizo na tarehe ya mwisho wa matumizi, au zinazouzwa na mtu asiyetaka kukuuliza mimba ina wiki ngapi, ziache. Mtu anayetaka kukuingiza kitu ukeni, majani, waya au kemikali, mkimbie.

Na ukiwa tayari umepata madhara, suala la fedha liwekwe pembeni. Nenda hospitali mara moja ukiona damu inalowesha pedi kubwa mbili au zaidi kila saa, kwa muda wa saa mbili mfululizo, homa isiyoshuka, uchafu wenye harufu mbaya, kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu makali ya tumbo yasiyosikia dawa. Katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, uliofanyika Cairo mwaka 1994, mataifa yalikubaliana kwamba mwanamke mwenye madhara ya utoaji mimba apate matibabu bora kwa hali yoyote. Mhudumu ambaye dhamiri yake haimruhusu kutoa mimba hana ruhusa ya kumwacha mtu avuje damu, na kwa huduma zisizo za dharura anapaswa kumpa mgonjwa rufaa kwa mwenzake bila kumchelewesha.

Kabla hujaondoka kituoni, uliza kuhusu uzazi wa mpango na kama umo katika bei. Yai linaweza kupevuka tena ndani ya wiki mbili, kabla hata hedhi haijarudi. Sindano, vidonge na vipandikizi vinaweza kuanza siku ileile ya matibabu. Kitanzi huwekwa mara tu baada ya kufyonza, au, kwa aliyetumia dawa, mara mhudumu anapothibitisha kuwa mimba imetoka yote.