Je, wajua ilijulikanaje kuwa polio ya mtoto wa Lilongwe ilitoka Pakistan?

Novemba 2021, mtoto wa kike wa miaka mitatu alipooza ghafla mjini Lilongwe. Malawi ilikuwa haijaona polio ya kirusi pori, yaani kile cha asili kisichotokana na chanjo, tangu 1992, na Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya WHO ilitangazwa kuwa imeitokomeza. Februari 2022 majibu yakatoka: ni polio kweli, tena asili ya kirusi chake ni mkoa wa Sindh, Pakistan.

Kazi huanza na choo cha mtoto. Aliye chini ya miaka 15 akilegea ghafla mguu au mkono, choo chake huchukuliwa mara mbili, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Kichupa huwekwa kwenye kasha la barafu, maana sampuli ikipata joto kirusi hufa na ushahidi hupotea. Kwangu mimi, kulifikisha kasha hilo maabara likiwa bado la baridi ni kazi inayostahili heshima kubwa.

Maabara sasa. Vinasaba vya kirusi cha polio ni kama uzi wa herufi 7,500 hivi. Wataalamu husoma hasa kipande kiitwacho VP1, chenye herufi takriban 900. Kirusi kikijinakili hukosea herufi, na kosa hurithiwa na vizazi vyake. Katika kipande hicho hubadilika karibu asilimia 1 kwa mwaka, yaani herufi tisa hivi. Kwa hiyo ukihesabu tofauti kati ya virusi viwili, unajua viliachana lini.

Cha Lilongwe kilikutwa ni ndugu wa vile vilivyozunguka Sindh mwaka 2019 na 2020. Kumbe kilishatembea muda mrefu bila kuonekana! Hilo linawezekana kwa sababu katika watu 200 walioambukizwa, anayepooza ni kama mmoja tu. Wengine hucheza na kula kama kawaida, huku wakikitoa chooni.

Ndiyo maana wahudumu wa afya hawakusubiri mgonjwa wa pili. Machi 2022 wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba hadi Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma nchini Tanzania, wakidondosha matone mawili mdomoni mwa kila mtoto. Msumbiji, mkoani Tete, watoto wanane walipooza mwaka huo kwa kirusi cha ukoo uleule. Mlipuko ulitangazwa kuisha Mei 2024. Na kwa kuwa vinasaba vilionyesha kirusi kilitoka nje, Afrika haikupokonywa cheti chake cha 2020.