Je, wajua kwa nini kostiki haili dodoki ndani ya sabuni?

Kostiki soda inatisha, na inastahili kutisha. Ikidondokea mkononi inachoma. Ikimwagwa kwenye sinki lililoziba inayeyusha mafuta na nywele zilizokwama. Ukiikorogea kwenye sufuria ya alumini inafoka gesi ya haidrojeni na kuanza kula chuma chenyewe, ndiyo maana watengenezaji sabuni hutumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi. Basi mtu akiambiwa kwamba sabuni yenye dodoki hupatikana kwa kumimina mchanganyiko wenye kostiki juu ya dodoki kavu, jibu la haraka ni kwamba dodoki litaliwa, utabaki ujiuji.

Haliliwi. Baada ya wiki kadhaa nyuzi zinatoka nzima, zimebadilika rangi kidogo tu. Kinachowapoteza wengi ni dhana kwamba kostiki ni kali kwa kila kitu kwa kiwango kilekile. Ukali wake unachagua, na vitu vya kila siku vinaonyesha hivyo. Maji ya betri, ambayo ni asidi, yakirukia suruali ya pamba, ukiifua unakuta matundu. Kostiki haitoboi pamba namna hiyo. Lakini kostiki hiyohiyo imo katika baadhi ya dawa za kulainisha nywele zinazotumika saluni, na ikizidishiwa dakika kichwani nywele hukatika na ngozi huungua. Pamba inanusurika, nywele haziponi.

Tofauti iko kwenye viungo vinavyoshikanisha kitu. Mfikirie fundi wa gereji aliyebaki na spana namba 10 peke yake. Nati ya namba 10 ataifungua upesi. Nati yenye kutu ya namba hiyohiyo itamchukua muda, lakini nayo itafunguka. Nati ya namba 13 ataizunguka siku nzima bila kuigusa, hata awe na nguvu kiasi gani, kwa kuwa spana haiishiki. Kostiki ni spana hiyo. Inachokishika ni kaboni iliyofungamana mara mbili na oksijeni mahali pa kiungo. Viungo vya mafuta vinayo, kwa hiyo vinafunguka haraka: asidi za mafuta zinaungana na sodiamu kuwa sabuni, na gliserini inabaki pembeni. Viungo vya protini, yaani nywele, sufu na ngozi yako, vinayo pia ila ni vigumu zaidi, ile nati yenye kutu. Selulosi, ile inayounda nyuzi za pamba, haina. Ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi, na viungo kati ya glukosi moja na nyingine havina mahali pa kostiki kushika. Asidi ndiyo yenye spana yake, na ndiyo maana maji ya betri hutoboa suruali.

Dodoki, zaidi ya nusu yake, ni selulosi. Ni tunda la mmea unaotambaa, ndugu wa tango na boga. Likiwa changa hupikwa mboga, likikomaa nyama yake hukauka na kubakia mtandao wa nyuzi wenye mashimo, kwa kawaida matatu, zilimokaa mbegu. Wapo wanaodhani hutoka baharini. Kinachotoka baharini ni sifongo, ambaye ni mnyama, na huko Jambiani, Unguja, kuna wanawake wanaofuga sifongo majini. Kiunzi cha sifongo huyo wa kuogea ni protini, kwa hiyo kwenye kostiki ya moto yeye huyeyuka. Vitu viwili vinavyofanana bafuni, na kemia yao haifanani hata kidogo!

Viwanda vimeitegemea tabia hii kwa muda mrefu. Mwaka 1850 Mwingereza John Mercer alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutibu kitambaa cha pamba kwa kostiki kali: nyuzi zilivimba, zikawa imara zaidi na zikashika rangi vizuri. Nyuzi nyingi za kudarizi zenye mng'ao hupitia njia iliyotokana na kazi yake. Karatasi ngumu za mifuko ya saruji hutokana na mbao zilizochemshwa katika kostiki na salfaidi ya sodiamu. Kinachoyeyuka huko ni lignini, ile gundi ya mti. Selulosi inabaki kuwa karatasi.

Dodoki nalo lina lignini kiasi, na hiyo huguswa: nyuzi hulainika na pengine kuingia manjano. Vilevile, selulosi ikichemshwa kwa saa nyingi kwenye kostiki kali huanza kulika mwishoni mwa minyororo. Ila ndani ya sabuni kostiki haikai muda huo. Kwa nusu kilo ya mafuta ya nazi na nusu kilo ya mawese, kostiki inayohitajika ni takriban gramu 162. Wengi hupunguza asilimia 5, wakatia kama 154, ili mafuta ndiyo yabaki. Pima kwa mizani, vaa glovu na miwani, na kostiki ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Sehemu kubwa ya kazi ya kostiki na mafuta huisha ndani ya siku moja au mbili. Wiki 4 hadi 6 zinazofuata ni za kukausha maji na kuifanya sabuni iwe ngumu.

Kinachoharibu sabuni ya dodoki mara nyingi ni hewa na maji. Dodoki liwe kavu kabisa. Mimina mchanganyiko ukiwa ndiyo kwanza umeanza kushika, pale tone likidondoshwa juu yake linaacha alama hafifu. Ukishakuwa mzito hauingii kwenye yale mashimo, na utakuta mapengo ndani. Na likate vipande kabla ya kumimina, kwa sababu kisu kikipita kwenye sabuni iliyoganda huvuta nyuzi na kumega kingo.

Baada ya kuoga, kipande kikaushwe mahali penye hewa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1994 ulionyesha kwamba dodoki lenye unyevu linaweza kukuza bakteria, wakiwemo Pseudomonas. Nayo sabuni iliyolizunguka huisha kabla ya nyuzi kuchakaa. Sabuni ikiisha, tupa na dodoki lake.