Kolembola: mdudu mweupe anayepima afya ya udongo wa shamba

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge, mkoani Tabora, akiuliza kama dawa alizopiga msimu uliopita zimeharibu shamba lake, mashine ya maabara humjibu nusu tu. Inataja kiasi cha kemikali kilichobaki. Kama udongo huo bado unaweza kulea viumbe, haisemi. Hapo ndipo anapohitajika kolembola, mdudu mdogo aishiye udongoni.

Anayetumika sana kwenye utafiti huu ni Folsomia candida, mweupe, asiye na macho, mwenye urefu wa milimita 1.5 hadi 3. Chakula chake ni ukungu na mabaki yanayooza. Hutaga bila dume, kwa sababu ya bakteria aina ya Wolbachia wanaoishi ndani ya seli zake, kwa hiyo kumfuga ni rahisi. Chini ya tumbo ana kimrija cha kufyonza maji ya udongo, na sumu iliyoyeyuka humo humwingia moja kwa moja.

Kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho ISO 11267, wadudu 10 wachanga huwekwa kwenye kikopo chenye gramu 30 za udongo na kulishwa hamira. Baada ya siku 28 udongo humwagiwa maji na kukorogwa. Ngozi yao hailowi, basi wote huelea. Maji hayo yakitiwa wino mweusi, wanahesabika kama punje za mchele. Kinachotafutwa hasa ni watoto. Wazazi wanaweza kubaki hai wote, lakini watoto wakawa wachache mno, na huo ni udongo mgonjwa. Hili nalisisitiza, maana wengi wetu shambani hutazama vilivyokufa tu.

Sehemu kubwa ya Tabora ina udongo wa kichanga wenye mboji kidogo. Mboji na mfinyanzi ndivyo hushika dawa. Vikipungua, dawa nyingi hubaki kwenye maji ya udongo, na kipimo kilekile cha dawa huweza kuwa kikali zaidi kwa viumbe.

Ndugu za kolembola huyu wamo kwenye miombo yetu. Mvua zikikolea, chota udongo chini ya majani makavu, uvuruge kwenye beseni la maji, utaona vidoa vikielea na kurukaruka. Fanya hivyo na udongo wa shambani. Wakiwa wachache, si lazima iwe sumu, kwani jua na jembe pia huwapunguza. Ila mwite afisa ugani, umwonyeshe kumbukumbu za dawa: jina, kiasi, tarehe. Sampuli ya udongo isifungwe kwenye mfuko uliowahi kubeba dawa.