"Kubali tu, yaishe": ushauri unaowafunga watu mahakamani Tanga

Kuna sentensi moja ambayo ingefaa ipigwe marufuku kwenye korido za mahakama za mkoa huu: "Kubali tu, yaishe." Anaambiwa mtu aliyekamatwa kwenye njia za panya za Mkinga au aliyeshushwa na mashua usiku huko Pangani, tena na watu wenye nia njema. Wanadhani akikiri kuingia nchini bila kibali atapigwa faini ndogo na kurudishwa kwao. Kwa kijana anayekwenda kutafuta kazi Afrika Kusini, na wengi ni hao, hesabu hiyo angalau inaeleweka. Kwa aliyekimbia kuuawa, kurudishwa ndiyo balaa lenyewe.

Kukiri hakumalizi kitu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe hawezi kukata rufaa dhidi ya hatia hiyo. Anabakiwa na kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Upenyo mwembamba uliopo ni ule ambao Mahakama Kuu iliueleza mwaka 1983: kukiri kuwe na utata au kusiwe kamili, kuwe kulitokana na kutoelewa, hati ya mashtaka isiwe imeonyesha kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali yasiwe yanatosha kumtia hatiani. Kuthibitisha mojawapo ukiwa tayari umevaa nguo za gereza ni kazi ngumu.

Kinachoharibu ni neno moja tu, "ndiyo." Mashtaka yanasomwa, mshtakiwa anaulizwa. Akikubali, mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, naye anaulizwa tena kama ni ya kweli. Sheria inataka hakimu aandike kukiri huko kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe, kwa ukaribu unaowezekana. Sasa mtu akisema, "Niliingia, ila nimekuja kuomba hifadhi, nikirudi nitauawa," huko si kukiri kusiko na utata, na linalopaswa kuandikwa ni kwamba amekana kosa. Lakini mkalimani akiifupisha sentensi nzima ikawa "anasema ni kweli," mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za mahakama, utaonyesha hivyo hivyo.

Ndiyo maana suala la mkalimani linahitaji umakini kuliko kitu kingine chochote. Muethiopia si lazima awe anajua Kiamhari vizuri. Wengi wanaopita ukanda huu hutoka Hadiya na Kambata, kusini mwa Ethiopia, wenye lugha zao. Kumtumia mshtakiwa mwenzake kama mkalimani kwa sababu "anajuajua Kiswahili" ni kuomba matatizo. Tatizo la lugha lisemwe kabla mashtaka hayajasomwa, mkalimani aapishwe, na lugha anayoitafsiri iandikwe kwenye mwenendo. Likisemwa baada ya hukumu, linaonekana kama kisingizio.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inakataza kumweka kizuizini au kumwadhibu mwomba hifadhi kwa sababu tu ya kuingia bila kibali, wakati ombi lake linasubiri uamuzi. Kinga hiyo inategemea ombi lililowasilishwa. Kumnong'oneza askari wa zamu si ombi. Liandikwe, hata kwa mkono, likitaja jina, nchi, tarehe ya kuingia na anachokihofia. Lipitie kwa mkuu wa kituo au wa gereza kwenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo anayopewa hakimu.

Zipo na kauli nyingine potofu zinazosikika kwenye korido hizo hizo. "Siku saba zikipita, basi." Sheria inataka mtu ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie, kwa ofisa aliyeidhinishwa, ofisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani (kwa kawaida hakimu wa mahakama ya mwanzo). Aliyechelewa aeleze kilichomchelewesha: ugonjwa, kufichwa na dalali, kutojua. Kuchelewa hakuifuti hofu yake, wala Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hauruhusu mkimbizi arudishwe panapotishia maisha yake kwa sababu ya tarehe.

"UNHCR ndio wanaotoa ukimbizi." Hapana. Shirika hilo la wakimbizi la Umoja wa Mataifa haliitoi hadhi hiyo; hutolewa na Serikali, kupitia kamati ya kitaifa inayomshauri Waziri.

"Akioa hapa, au akijua lugha ya hapa, ni raia." Ndoa haigeuki uraia kwa yenyewe. Hata Wasomali wenye asili ya Kizigua waliopokelewa Chogo, Handeni, ambao Kizigua chao hakuna wa kukitilia shaka, walilazimika kuomba uraia wa tajnisi.

"Msaidizi wa kisheria atanisimamia mahakamani." Hawezi, hiyo ni kazi ya wakili. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, msaidizi anaelekeza, anasaidia kuandika na kukuunganisha na wakili, na hatozi ada. Anayedai "ya karatasi" mkwepe.

"Rufaa ni mpaka upate wakili." Hili limewapotezea watu haki nyingi kimya kimya. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 baada ya hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Aliye gerezani huzikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayezipeleka. Karatasi moja inatosha kwa kuanzia. Wakili atakuja kuzirekebisha sababu za rufaa baadaye.